James Bond: nguzo zipi zikiguswa sinema inachechemea, na zipi ni mazoea tu? (Uzi mrefu)

#1 Jasusi Mstaafu

Wakuu, salaam.

Kila Bond mpya akitajwa, mabishano yanarudi pale pale. Kuna wanaotaka martini, gari la Aston Martin na Q (mtengeneza vifaa vya kijasusi) kama enzi zile, na kuna wanaosema hayo yote ni makapi, yapigwe chini. Naona pande zote mbili zinahesabu vitu tu. Hakuna anayeuliza kila kitu kiliwekwa pale kifanye kazi gani.

Kwanza tukumbushane kwamba huo "utaratibu wa asili" haukushuka mzima mzima. Dr. No (1962) ina mtutu wa mwanzo (Bond anaonekana kupitia mtutu wa bastola, anageuka na kufyatua, damu inashuka), ina ule muziki, ina M, bosi wake, na Moneypenny, katibu wa M. Lakini haina utangulizi kabla ya majina, haina wimbo wa staa, na mtu wa silaha anakuja kumkabidhi bastola ya Walther PPK mahali pa Beretta, basi, anaondoka. Utangulizi ulianza na From Russia with Love (1963), na ndipo Desmond Llewelyn alipoingia kama Q na ule mkoba wa vifaa. Gari lenye silaha na sauti ya Shirley Bassey juu ya majina vilisubiri Goldfinger (1964). Yaani hicho tunachokiita asili kilikuwa kinajengwa huku kamera zinazunguka.

Sasa kazi zenyewe.

Utangulizi unamlipa mtazamaji mapema ili baadaye akopeshe uvumilivu. Anapewa stanti (tendo la hatari) kubwa dakika za mwanzo, kwa hiyo hanung'uniki mkuu wa idara akianza kueleza njama. The Spy Who Loved Me (1977) ndiyo darasa: Rick Sylvester anateleza na ski hadi ukingo wa Mount Asgard kule Kanada, anaruka, muziki unakatika, anaanguka kimya kwa muda mrefu kupita unavyotarajia, kisha parachuti ya bendera ya Uingereza inafunguka. Baada ya hapo muvi inaweza kukueleza nyambizi zilizopotea taratibu, wala hulalamiki.

Ofisi ya M inafupisha maelezo. Bosi hashawishi, anaamuru, kwa hiyo njama nzima inaingia kwa dakika chache. Q anapanda mbegu zitakazovunwa mwishoni. Moneypenny anatuonyesha kwamba huyu muuaji ana mahali anapozoeleka.

Kanuni yangu: ukitaka kubadilisha, gusa nguzo mbili tu kwa wakati mmoja, zilizobaki zikaze kuliko kawaida. Karibuni tupingane.

#2 KambaMbili

Mkuu, hapo kwa Q umepita haraka na ndipo penye utamu.

Chukua ule mkoba wa 1963. Una sarafu 50 za dhahabu, risasi, kisu cha kurusha, bunduki ya kukunjwa, na kopo la poda ambalo ni gesi ya machozi inayolipuka ukifungua vibaya. Q anaeleza mara moja, polepole, na mtazamaji anajifunza namna ya kufungua pamoja na Bond. Sasa tazama kwenye treni. Bond yuko magotini, bastola imemwelekea. Anamtajia Grant, muuaji aliyemshikia bastola, dhahabu. Tamaa ya Grant ndiyo inayofungua mkoba, mkoba unatoa gesi, kisu kinafuata. Bunduki inabaki kwa ajili ya helikopta. Vyote vimetumika, na kila kimoja kwa sababu ambayo tayari tunaijua.

Kwa hiyo kifaa kizuri kina masharti matatu. Kielezwe kabla, kiwe na mipaka, na kitumike kwa njia ambayo Q mwenyewe hakuitaja. Goldfinger inaongeza hila: kiti cha kurushia abiria kinatajwa mwisho, kama utani, na Bond mwenyewe anadhani anataniwa. Ndiyo maana kikitumika unacheka badala ya kushtuka.

Die Another Day (2002) ilivunja sharti la pili. Gari lisiloonekana halina mipaka. Ukishakuwa na gari lisiloonekana, skripti inalazimika kutafuta sababu ya kulifanya lionekane, na mtazamaji anaona jasho la mwandishi. Watu wanasema tatizo lilikuwa "teknolojia kupita kiasi". Lotus inayozama baharini ya 1977 nayo ni kupita kiasi, na hakuna anayeilalamikia.

#3 Dada Projekta

Jasusi Mstaafu, kanuni yako ya nguzo mbili haisimami hata dakika tano.

Live and Let Die (1973): mwigizaji mpya Roger Moore, Q hayupo kabisa, martini haagizi, mtunzi wa muziki John Barry hayupo, kazi imeenda kwa George Martin, wimbo ni roki ya Paul McCartney na Wings, Bond hayumo kwenye utangulizi, na hata kofia kwenye mtutu imevuliwa kwa mara ya kwanza. Hizo ni saba, na bado ni Bond kabisa.

Sababu iko kwenye lile tukio la nyumbani kwake. M na Moneypenny ndio wanaomfuata Bond mlangoni, alfajiri, huku ana mgeni chumbani. Hapo hapo amri inatolewa, njama inafupishwa, Moneypenny anamsitiri, na saa ya sumaku inakabidhiwa na kujaribiwa kwenye kijiko cha M. Ofisi ya M, meza ya Moneypenny na maabara ya Q zimebanwa ndani ya tukio moja jikoni na sebuleni. Waliondoa mahali, wakaacha kazi.

Basi acha kuhesabu ngapi zimeguswa. Uliza kazi ya iliyoondolewa imekwenda wapi.

#4 Jasusi Mstaafu

Dada, hapo umenikamata. Naifuta ile ya nguzo mbili. Hiyo ya "kazi imekwenda wapi" nainunua.

#5 Mtu wa Kiti cha Nyuma

Mbona mnaruka 1969? On Her Majesty's Secret Service ilimbadilisha mwigizaji, ikatupa vifaa karibu vyote, ikamwoza Bond na ikamuua mke wake kwenye tukio la mwisho. Na ofisini kwa Bond kuna droo: Lazenby, Bond mpya, anatoa kisu cha Honey wa Dr. No, saa ya Grant, kifaa cha kupumulia chini ya maji, na kila kimoja kinakuja na muziki wa sinema yake. Hata majina ya mwanzo yanapitisha vipande vya sinema zilizotangulia. Huko ndiko kushika mkono wa mtazamaji.

Na bado iliingiza pungufu kuliko You Only Live Twice. Mnasemaje?

#6 Dada Projekta

Nasema droo ilikosewa. Imemkumbusha mtazamaji Connery, Bond aliyetangulia, kila baada ya dakika chache, wakati kazi ilikuwa kumfanya amsahau. Ukiingiza mwigizaji mpya, mpe jambo ambalo aliyetangulia asingeliweza. Lazenby analo: pale kwenye uwanja wa kuteleza barafuni, amekaa kwenye benchi, ameinama, anaogopa kweli, ndipo Tracy, mke wake wa baadaye, anamtokea. Connery wa miaka hiyo usingemwamini akiogopa hivyo. Sinema ilikuwa na dhahabu hiyo mkononi, halafu inahangaika na droo.

Peter Hunt alikuwa mhariri wa sinema za mwanzo kabla ya kuongoza hii, na mapigano yake yana mikato mikali mno kwa wakati ule. Sehemu hiyo imezeeka vizuri kuliko zote za miaka ya sitini.

#7 Noti ya Saba

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa muziki. Niruhusuni.

Ule muziki mkuu umejengwa juu ya kitu kidogo sana: kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya E ndogo inakaa, na noti moja ndani yake inatambaa B, C, C kali, kisha inarudi C. Nusu hatua mbili juu, moja chini, mzunguko unaanza tena. Juu yake ndipo gitaa la Vic Flick linapokuja. Kwa kuwa kile kipande ni kifupi na kinatambulika kwa noti nne, mtunzi anaweza kukificha chini ya kitu chochote: vinanda, ngoma, hata mlio wa kompyuta. Hapo ndipo upya unapoingia bila kuvunja nyumba.

GoldenEye (1995) inatufundisha kwa uchungu. Walimpa kazi Eric Serra, akaleta sauti za vyuma na sintesaiza. Sehemu za baridi na mashaka zinafaa, nasema hivyo nikijua nitapigwa mawe. Lakini ilipofika kifaru kinabomoa mitaa ya St. Petersburg, muziki wake ulikataliwa, akaitwa John Altman aandike mwingine wenye muziki mkuu wa Bond wazi wazi. Kwa nini pale? Kwa sababu picha yenyewe ni kichekesho: mtu yuko ndani ya kifaru, anarekebisha tai. Bila ule muziki kuna uharibifu tu. Ukiwepo, mtazamaji anaruhusiwa kufurahia.

Casino Royale (2006) ilifanya kinyume na ikafaulu. David Arnold aliuzuia ule muziki karibu sinema nzima, dakika 144, akatumia melodi ya wimbo wa ufunguzi mahali pake. Vijipande tu vinachungulia: amepata gari, amevaa koti la jioni. Unapigwa kamili pale tu anapotaja jina lake, mwishoni kabisa. Huwezi kuurudia ujanja huo, kwa sababu deni la namna hiyo hulipwa mara moja.

#8 KambaMbili

Noti ya Saba, nakupigia saluti.

Kwenye hiyo hiyo Casino Royale, watu husema "hakuna Q". Hakuna Q, ndiyo, lakini kazi yake ipo. Bond anafungua droo ya Aston Martin DBS pale Montenegro, tunaona kilichomo, pamoja na vifaa vya tiba. Anapotiliwa sumu mezani, anakimbilia kule kule kwenye mashine ya kushtua moyo. Na kile kifuatiliaji alichochomekwa mkononi kinakatwa na watu wa Le Chiffre, adui wake, kwa hiyo msaada haujui alipo. Mbegu mbili, mavuno mawili, na hakuna mzee wa koti jeupe.

Mtutu nao haukutolewa, ulipewa kisa: jamaa aliyekuwa anazamishwa chooni anaokota bastola, Bond anageuka, damu inashuka. Kwa mara ya kwanza tunajua aliyekuwa nyuma ya mtutu ni nani.

Na stanti: DBS ile haikukubali kupinduka kwa njia ya kawaida, ni gari pana, limelala chini. Ikabidi wafunge mzinga wa hewa ndani, unaosukuma chuma ardhini na kulirusha gari. Likabiringika mara saba, rekodi kwa wakati huo. Kwenye sinema ni sekunde chache, na hazina mlio wa ushujaa. Amemkwepa Vesper, mwanamke wa kisa hiki, aliyelazwa barabarani, basi. Stanti ya Bond ya zamani ilikuwa inaonyesha kwamba yeye haguswi, ila hii inaonyesha kwamba ameshapenda.

#9 Mchambuzi Uchwara

Sawa, na Quantum of Solace (2008) je? Haina Q, haina Moneypenny, mtutu mwishoni. Mbona haikufaulu kama ile?

#10 KambaMbili

Kwa sababu safari hii walitoa bila kuhamisha. Nani anapanda mbegu? Hakuna. Hoteli ya mwisho jangwani inalipuka kwa sababu ina mitambo ya nishati ukutani, jambo linalotajwa kijuujuu muda mfupi kabla. Hiyo ndiyo mbegu pekee na imepandwa asubuhi ikavunwa jioni. Ongeza mgomo wa waandishi wa 2007 hadi 2008, skripti ikabaki nusu. Ongeza mikato ya kasi: ule mwanzo wa magari barabarani Italia umekatwa kiasi kwamba hujui nani yuko mbele ya nani. Stanti ambayo huoni ilipoanzia na ilipoishia haina thamani, hata kama dereva amehatarisha shingo yake.

Kitu kimoja kizuri: ina dakika 106, fupi kuliko zote. Siku hizi nauona ufupi huo kama fadhila.

#11 Mtu wa Kiti cha Nyuma

Kuna jaribio ambalo mtu angelipanga maabara lisingekuwa safi hivi. Mwaka 1983 zilitoka mbili. Octopussy ya Eon (kampuni ya sinema za Bond), Roger Moore, vitu vyote vya kawaida. Na Never Say Never Again, nje ya Eon, kwa haki za hadithi ya Thunderball zilizokuwa kwa Kevin McClory. Hii ya pili ina Connery mwenyewe! Ila haina mtutu, haina muziki mkuu, haina ofisi ile tuliyoizoea. Iliingiza pungufu kuliko Octopussy, ingawa si kwa mbali.

Nachojifunza: sura ya mwigizaji inabeba mengi, lakini ukiitazama leo inaonekana kama muvi nyingine ya kijasusi ambayo Connery ameajiriwa. Dakika za mwanzo zinakosa mlango wa kuingilia.

#12 Mchambuzi Uchwara

Mimi naamini ni mzunguko tu. Wanapaa hadi kupitiliza, wanashuka. Volkano ya You Only Live Twice, ambayo seti yake peke yake iligharimu kama dola milioni moja, sawa na bajeti ya Dr. No nzima, kisha 1969 wanashuka. Moonraker (1979) wanaenda angani, kisha For Your Eyes Only (1981) wanashuka. Die Another Day, kisha Casino Royale. Hakuna sayansi hapo.

#13 Dada Projekta

Mzunguko upo, ila angalia wanavyoshuka, ndiko kuna ufundi. For Your Eyes Only inatangaza kushuka kwake kwa kitendo. Lotus inalipuka yenyewe mapema, kwa mfumo wake wa ulinzi, na Bond anatoroka kwa Citroën 2CV ya Melina, kigari cha injini ndogo ambacho kinapinduka na wanakijiji wanakisukuma kisimame. Hakuna aliyehutubia kuhusu "kurudi kwenye mizizi". Umenyang'anywa kifaa mbele ya macho yako, na mbio zinabaki na msisimko kwa sababu gari ni dhaifu.

Licence to Kill (1989) nayo ilishuka, hadi kwenye kisasi na damu, ikapewa cheti cha miaka 15 Uingereza. Watu huilaumu kwa kuwa "si Bond". Lakini ilitoka kiangazi kile kile cha Batman, Indiana Jones na Lethal Weapon 2, tuwe waadilifu. Na ndani yake Q ana nafasi kubwa kuliko kawaida: anachukua likizo, anamfuata Bond na begi la vifaa. Dunia ya Bond imegeuka chungu, kwa hiyo wakaongeza sukari pale palipozoeleka. Hesabu nzuri, hata kama mauzo hayakuitikia.

#14 Jasusi Mstaafu

Basi tufike Skyfall (2012) na Spectre (2015), maana ni mwongozaji yule yule, Sam Mendes, na matokeo mbalimbali.

Skyfall inarudisha vitu kwa zamu. Q mpya anakuja na bastola inayotambua kiganja na redio ndogo, hana zaidi, na anamtania Bond kuhusu kalamu za kulipuka. Vyote viwili vinavunwa: bastola inakataa kufyatuka mikononi mwa mlinzi ndani ya shimo la mijusi wa Komodo, redio inaleta helikopta kisiwani kwa Silva, adui wake. Kisha DB5, ile Aston Martin ya zamani, inatolewa gizani. Jina la Moneypenny linatajwa karibu na mwisho, na baada yake tunaingia ofisi ya M yenye mlango wa ngozi. Ukimaliza, umerudi 1962 bila kuburutwa. Hata mtutu uliwekwa mwishoni kwa sababu ya picha: sinema inafunguka na Bond akija kwenye korido kuelekea kamera, ukitanguliza mtutu unapata matembezi mawili mfululizo.

Spectre ilianza na kila kitu mkononi. Mtutu mbele, Q ana maabara, saa inayolipuka imepandwa na imevunwa sawasawa. Kwa kipimo cha KambaMbili imefaulu. Iliharibikia kwingine.

#15 Dada Projekta

Kwenye undugu. Haki za jina la Spectre (kundi la wahalifu) na mkuu wake Blofeld zilirudi kwa Eon 2013, ikaonekana lazima zitumike, sawa. Lakini wakamfanya Blofeld mtoto wa yule mzee aliyemlea Bond, na eti maumivu ya sinema tatu zilizotangulia yote yalikuwa mpango wake. Hilo ni badiliko linalorudi nyuma. Linagusa sinema ulizokwisha kuzipenda na kuzipunguza: Silva aliyekuwa na chuki yake binafsi kwa M sasa ni mfanyakazi wa mtu. Badilisha mbele unavyotaka, hata No Time to Die (2021) ilipomuua Bond ilibadilisha mbele, haikunigusia Skyfall yangu.

Tena pale kwenye kifo waliandaa njia. Muziki wa 1969 umetumika waziwazi na Hans Zimmer, pamoja na sauti ya Louis Armstrong, kwa hiyo anayeijua ile ya Lazenby ananusa msiba mapema. Hata mtutu wa mwanzo hauna damu. Safari hii kumbukumbu ilikuwa na kazi, tofauti na ile droo.

#16 Mchambuzi Uchwara

Haya, Amazon MGM wameshika usukani wa ubunifu tangu 2025 na Denis Villeneuve ndiye mwongozaji. Mngekuwa mezani mngesema nini? Nasikia wengine wanataka irudi miaka ya sitini.

#17 KambaMbili

Miaka ya sitini ingeondoa simu za mkononi, na hiyo ni faida kubwa kwa mwandishi: mtu anaweza kupotea. Hasara ni kwamba kila kiti na kila koti linakuwa kumbukumbu, ni droo ya Lazenby kwa saa mbili nzima.

Mimi ningebana dakika kumi za kwanza tu. Utangulizi wenye stanti moja ya kweli, kama ile ya GoldenEye: mtu mmoja, kamba moja, bwawa la Verzasca, mita 220, picha pana isiyokatwa. Usizidishe urefu. The World Is Not Enough ilikuwa iishie kuruka dirishani Bilbao, ikaonekana haitoshi, wakaunganisha na mbio za boti mto Thames, ukawa utangulizi wa zaidi ya dakika 14 na sinema haikuwahi kuufikia tena. Na tusielezwe amekuwaje 00 (jasusi mwenye ruhusa ya kuua). Hilo lilishafanywa 2006.

#18 Dada Projekta

Naongeza: Q asiwe mchekeshaji wa kompyuta anayefungua kila mlango kwa mbali. Kifaa kikae mfukoni mwa Bond na kiweze kuharibika.

#19 Mtu wa Kiti cha Nyuma

Villeneuve na vichekesho ni mafuta na maji. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Zile sentensi kavu baada ya kuua zina kazi: zinamwambia mtazamaji ukatili umeisha, pumua. Ukizitoa, lazima pumzi itafutiwe pengine, kimya kirefu au mandhari. Kimya anakiweza.

#20 Mchambuzi Uchwara

Noti ya Saba, ule muziki wa Serra uliokataliwa kwenye kifaru unapatikana?

#21 Noti ya Saba

Upo kwenye albamu ya GoldenEye yenyewe, A Pleasant Drive in St. Petersburg. Weka picha ya kifaru bila sauti, upige juu yake, kisha urudie na ule wa Altman. Sikiliza hasa pale anaporekebisha tai.